Uzamili Bila Kuiacha Wodi



Ukipanda matatu ya nambari 24 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, ukashika barabara ya Lang'ata hadi Hardy, utaona kuta za mawe, michongoma iliyokatwa ikakatika, na nyuma yake nyumba ambazo hata paa hulioni kwa miti. Hiyo ndiyo Karen inayojulikana. Lakini papo hapo pana Kuwinda, mtaa wa mabati uliobanana, na wengi wanaofua, wanaopika na wanaolinda lango katika zile nyumba kubwa ndiko wanakolala.

Kiharusi kinabisha hodi pande zote mbili. Kinampata mstaafu mwenye ekari yake, na kinampata mama anayemfulia nguo. Wakibahatika, wote wawili watatibiwa, presha itashuka, na siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani itafika. Hapo ndipo yanapoanza maswali ambayo daktari hana muda nayo. Huyu mtu atavaaje shati kwa mkono mmoja? Chooni ataingiaje? Atapika? Kazini atarudi, au ndiyo basi tena?

Mwenye kuyajibu ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye hospitalini wengi humwita tu mtu wa OT, yaani occupational therapy. Fizio atashughulika na mguu mpaka usimame. Mtu wa OT atauliza mguu huo ukisimama unakwenda kufanya nini. Leo nataka tuzungumze kuhusu masomo ya juu ya watu hawa: shahada ya uzamili, na baadaye uzamivu, kwa yule ambaye tayari yuko kazini, ana wagonjwa wake, ana zamu yake, na pengine ana watoto wa kulipia karo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukakaa unanisubiri. Masomo hayo tunayahitaji sana, lakini tukiyapanga vibaya yatatunyang'anya wataalamu wachache tulio nao.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuiona ikifanywa.

Chukua huyo mama wa Kuwinda, ametoka hospitali, mkono wa kulia umelegea. Mtaalamu anamtembelea. Hana mashine yoyote. Anavuta kigoda, anaketi, anasema, "Shosho, hebu nionyeshe unavyopika chai." Shosho anacheka, "Mwanangu, huu mkono umekataa." Basi anaombwa ajaribu hivyo hivyo. Sufuria inazunguka juu ya jiko kila anapokoroga, kwa sababu hakuna mkono wa kuishika. Mtaalamu anaona. Anatazama kimo cha jiko, kwamba liko chini sana na shosho akiinama upande mmoja ataliangukia. Anatazama jerikeni la maji la lita ishirini lililo mlangoni. Anaitazama sukuma wiki ambayo haijakatwa, kwa kuwa hukati sukuma wiki kwa mkono mmoja.

Wiki inayofuata anarudi na kipande cha ubao kilichopigiwa misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikiwa juu, ili kiazi au nyanya ichomekwe pale isikimbie kisu. Jiko limepandishwa juu ya matofali. Unga sasa unachanganywa katika bakuli lililowekwa juu ya kitambaa chenye unyevu, ili lisiteleze mezani. Mwiko umezungushiwa mpira wa tyubu ili mkono uliolegea upate cha kukamata na kufanya mazoezi kila siku bila kuitwa mazoezi. Jerikeni la lita ishirini limepisha madumu ya lita tano. Ukitazama haraka utasema huo ni ufundi wa jua kali. Kumbe nyuma ya ule mwiko pana elimu ya neva, ya misuli, ya saikolojia, na ya namna binadamu anavyojifunza upya jambo alilokuwa akilifanya bila kufikiri.

Taaluma hii ina historia yake. Waanzilishi wake huko Marekani walikutana Clifton Springs, jimbo la New York, Machi 1917, na aliyewaita, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyekatwa sehemu ya mguu na kupooza upande mmoja. Yaani mwenyeji wa mkutano alikuwa mgonjwa. Hapa Kenya mafunzo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, pale Nairobi, na kwa miongo mingi stashahada ya chuo hicho ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa huduma hii nchini. Karibu kila mtaalamu mwenye mvi unayemkuta katika hospitali ya kaunti ametoka huko. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu hawa, wakapata baraza lao. Tangu hapo, mtu hawezi tu kutundika kibao njiani akajiita mtaalamu.

Lakini kwa muda mrefu ngazi ilikuwa na vidato vichache. Ukimaliza stashahada, ukafanya kazi miaka kumi, ukaanza kujiuliza maswali ambayo vitabu vyako haviyajibu, ungeelekea wapi? Wengi walifanya alichofanya kila Mkenya mwenye kiu ya elimu: walitafuta mlango wowote uliokuwa wazi. Huyu alisomea afya ya jamii. Yule alichukua elimu ya mahitaji maalum, mwingine saikolojia ya ushauri nasaha, na siku hizi kuna kozi za usimamizi zinazofundishwa jioni katika kila jengo la mjini. Wenye uwezo au ufadhili walikwenda Afrika Kusini au Uingereza. Jirani zetu hawakuwa mbali na hali hiyo. Katika hospitali za Mulago kule Kampala na KCMC kule Moshi nako mafunzo yalianza kwa stashahada.

Kwenda pembeni si dhambi, na nina mfano wa kunipinga mimi mwenyewe. Jean Ayres, mwanamke aliyebadilisha namna dunia inavyowatibu watoto wenye shida ya kupanga hisia na mienendo yao, alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyefanya kazi na wagonjwa kwa miaka kabla ya kupata uzamivu wake mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Southern California. Uzamivu huo haukuwa wa tiba kwa vitendo. Ulikuwa wa saikolojia ya elimu. Tofauti ni kwamba aliubeba akarudi nao kwa wale wale watoto. Bembea, mipira mikubwa na vitambaa vya kujifungia unavyoviona leo katika kliniki za watoto wenye usonji, hapa Karen na kwingineko, chanzo chake ni maswali yake. Kwetu sisi, anayekwenda kusomea afya ya jamii mara nyingi harudi wodini. Anapata dawati, anapata kadi yenye cheo kipya, na ile miaka kumi ya kujua mkono uliolegea unavyoamka inabaki bila mrithi.

Nije sasa kwenye kiini, na hapa uniruhusu nikae kidogo.

Kuna kipimo kinachotumika duniani kote kwa wagonjwa wa kiharusi, kinaitwa kipimo cha Barthel. Kilichapishwa mwaka 1965 huko Maryland, Marekani. Kina vipengele kumi: kula, kuoga, kujipamba, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Alama zote ni 100. Ni kipimo kizuri, chepesi, na sina ugomvi nacho. Sasa mpime shosho wetu akiwa wodini. Choo cha hospitali ni cha kukalia, kina chuma cha kushikilia ukutani, na kiko hatua chache kutoka kitandani. Anapata alama zake zote za choo. Maji ya kuoga yamo bombani, ya moto, hapo hapo. Anapata alama zake. Jumla inakuwa nzuri, faili linaandikwa kwamba anajitegemea, anaruhusiwa.

Nyumbani choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa, kiko mwisho wa ploti, kinatumiwa na milango mingi, na usiku hakuna taa. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja imara na mmoja legevu ni jambo ambalo kile kipimo hakijaliuliza, maana waliokitunga hawakuwa na sababu ya kuliuliza. Ngazi nazo? Hana ngazi hata moja. Ana mtaro wa maji machafu wa kuruka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kipimo hiki hakijawahi kulala Kuwinda.

Nani ataandika kipimo kinachouliza kuhusu kuchuchumaa, kuhusu kuruka mtaro, kubeba maji, kufunga mtoto mgongoni, kupanda matatu ambayo makanga anaigonga kwa kiganja ili iondoke kabla hujaketi? Hatakiandika profesa wa Boston. Hata mimi na wewe hatutakiandika, kwa sababu kipimo hakitungwi kwa hasira. Lazima kijaribiwe kwa wagonjwa wengi, wapimaji wawili tofauti wapate jibu moja, kilinganishwe na vipimo vingine, takwimu zake zichambuliwe. Hiyo ni kazi ya uzamili hasa. Na mwenye kuiweza ni yule aliyekwisha kuviona vyoo vyenyewe.

Usidhani hili ni jambo dogo la wataalamu peke yao. Sensa ya 2009 ilitupa watu wenye ulemavu asilimia 3.5 ya Wakenya. Sensa ya 2019 ikatupa asilimia 2.2. Je, katika miaka kumi ulemavu ulipungua nchini? La. Maswali yalibadilika: safari ya pili watu waliulizwa ugumu walio nao katika kuona, kusikia, kutembea na mengineyo, wakahesabiwa wale tu waliosema ugumu wao ni mkubwa, na watoto walio chini ya miaka 5 hawakuingizwa kwenye hesabu hiyo. Bajeti hufuata namba, na namba hufuata swali. Nchi isiyo na watu waliosomea kuuliza maswali itahesabiwa kwa maswali ya wengine.

Na usifikiri kwamba tasnifu za uzamili huishia kuliwa na panya maktabani. Nyingi ndiyo, nakubali. Lakini mojawapo ya nadharia zinazotumiwa zaidi katika taaluma hii, ile inayotazama utashi wa mtu, mazoea yake na uwezo wake wa kutenda ndani ya mazingira yake, ilianzia katika tasnifu ya uzamili ya mwanafunzi mmoja, Gary Kielhofner, mwaka 1975, ikachapishwa kwa dunia mwaka 1980. Leo inafundishwa karibu kila mahali, hata kwetu. Tasnifu ya mwanafunzi, msikilizaji.

Sasa basi, masomo haya yapangwe vipi? Wako wenzetu wanaosema njia ni kupandisha kiwango cha kuingilia: kila mtaalamu mpya awe na shahada, kisha kesho awe na uzamili, ndipo taaluma iheshimiwe. Wamarekani walikwenda njia hiyo. Tangu 2007 mhitimu wa shahada ya kwanza pekee hapokelewi tena katika taaluma kule. Mwaka 2017 chombo chao cha ithibati kikatangaza kwamba kufikia Julai 2027 wote wataingia kwa uzamivu wa kitaaluma. Palichimbika. Vyuo vikalalamika, waajiri wakauliza tofauti ya mgonjwa itakuwa nini, wanafunzi wakapiga hesabu ya mikopo. Agizo likasimamishwa, na mwaka 2019 ikakubaliwa kwamba milango yote miwili, wa uzamili na wa uzamivu, ibaki wazi. Nchi tajiri kuliko zote imeshindwa kumeza tonge hilo. Sisi, ambao hospitali nyingi za kaunti ndogo hazina mtaalamu hata mmoja wa fani hii, tukilitia kinywani litatukaba.

Mimi naona tugeuze utaratibu. Mlango wa kuingilia uachwe mpana, stashahada na shahada, na nguvu ipelekwe kwa wale waliokwisha kufanya kazi miaka mitano, kumi, kumi na tano. Hao ndio wapewe uzamili. Na wapewe bila kung'olewa kazini.

Maana yake ni hii. Masomo yawe ya vipindi: wiki moja chuoni, kisha miezi kadhaa kazini, mwalimu akiwafuata kwa video. Nairobi tunajua kufanya hivyo. Wahasibu wetu na mawakili wetu wamesoma usiku kwa miaka yote hii. Tasnifu itoke katika wodi ya mwanafunzi. Aliyeko Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, kule Hurlingham, achunguze wagonjwa wake wanaporudi mashambani kiti cha magurudumu kinazamaje matopeni. Aliyeko hospitali ya Mathari achunguze nani anarudi kazini baada ya kutibiwa akili, na mwajiri anampokeaje. Anayewahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo achunguze vile viti vinavyotengenezwa kwa karatasi kuukuu na gundi ya uji wa unga, ufundi ulioenezwa kutoka Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer: vinadumu muda gani penye unyevunyevu, na mama anavitumia kweli au vimegeuka pahali pa kuwekea nguo?

Wasimamizi watakuwa wachache, hilo halina ubishi. Mtu hawezi kusimamia uzamili bila kuwa nao. Kwa miaka ya mwanzo tutalazimika kuazima, na Cape Town na Johannesburg wana maprofesa wa fani hii wa kutosha kutuazima. Sharti liwe moja: swali la utafiti litoke kwetu. Tukiazima wasimamizi pamoja na maswali yao, tutakuwa tumerudi Maryland ya 1965 kwa nauli ya bei nafuu.

Kisha kuna jambo ambalo halizungumzwi sana kwenye makongamano yenye chai na maandazi. Mshahara. Tangu afya ilipopelekwa kwa kaunti mwaka 2013, mtaalamu anayetaka kusoma anaomba ruhusa kwa kaunti yake. Akipewa likizo ya masomo, mara nyingi hutia sahihi kwamba atarudi kuitumikia kaunti kwa muda fulani. Ni haki, maana kodi ndiyo iliyomlipa. Lakini anaporudi na shahada yake ya pili, anarudi kwenye chumba kile kile, kabati lile lile lenye mlango uliong'oka, na mara nyingi daraja lile lile. Njia ya kupanda aliyo nayo ni kuwa msimamizi, yaani kuacha kugusa wagonjwa na kuanza kugawa zamu. Tunamfundisha mtu kuwa bingwa wa mikono, halafu tunampandisha cheo kwa sharti kwamba asiitumie mikono hiyo.

Ndiyo maana Karen inamvuta. Kwenye nyumba zile zenye miti kuna wazazi wenye mtoto mwenye usonji walio tayari kulipia kila saa ya tiba, tena wanauliza kwanza mtaalamu amesoma mpaka wapi. Simlaumu anayekwenda. Ana karo ya kulipa kama wewe, na yule mtoto wa nyumba kubwa naye ni mtoto, ana haki ya kufundishwa kufunga kamba za viatu vyake. Wengine wanajigawa: asubuhi kaunti, alasiri kliniki binafsi, na jioni wanalala kwenye foleni ya Ngong Road. Lawama yangu iko kwa mpangilio unaofanya shahada ya pili iwe tikiti ya kuondokea. Kukiwa na daraja la mtaalamu bingwa wa wodini, lenye mshahara wake na lenye wanafunzi wa kuwafundisha, wengi watabaki. Madaktari wanalo daraja hilo siku nyingi. Anayebobea katika moyo haambiwi aache kupima mioyo ndipo apandishwe.

Kwa hiyo nina maombi mawili, na ninayapeleka kwa wenyewe. Kwa vyuo vikuu vinavyofikiria kufungua au kupanua masomo haya: kabla hamjachapisha orodha ya kozi, waiteni wataalamu walio kazini, wa Nairobi, wa Turkana, wa Kwale, muwaulize ni swali gani limewashinda kwa miaka kumi. Majibu yao yawe ndiyo mtaala. Kwa serikali za kaunti na Tume ya Utumishi wa Umma: andikeni cheo cha mtaalamu bingwa wa tiba kwa vitendo anayebaki na wagonjwa, mkitengee pesa, kabla ya kumruhusu mtu wa kwanza kwenda kusoma.

Na wewe mtaalamu unayenisikiliza ukiwa njiani kuelekea zamu yako, unayetaka kuomba nafasi mwaka huu: usiende kwenye usaili na vyeti vitupu. Nenda na daftari lako la wagonjwa, majina umeyafuta, na uwaonyeshe kile ambacho vipimo vyao havijawahi kuuliza.